Uyoga Uliomla Longino

"Ni pale," Roza Mapunda alisema, akasimama ghafla. "Chini ya ule mti wa mtundu. Mimi siendi mbele zaidi, dada Sko. Utanisamehe."

Skolastika Nchimbi hakumlaumu. Mume wa Roza, Gervas, alikuwa amezikwa juzi, na udongo wa kaburi lake bado haujakaa sawa. Mwanamke aliyejifunga kitambaa cha msiba hatakiwi kutangatanga porini, sembuse kurudi mahali palepale alipochuma mauti akayapeleka nyumbani kwa kikapu. Lakini Roza mwenyewe ndiye aliyetaka kuja. Alitaka kuelezwa, na hapo kijijini Lihangwelo mtu wa kumweleza alikuwa mmoja tu, naye ni Skolastika, mshonaji wa Pua, zile nyuzi hai zilizomwonyesha mtu uyoga wa kula.

Akaitoa Pua yake kwenye kibuyu chenye uji mwepesi, akaipachika nyuma ya sikio. Ilikuwa na ukubwa wa tende, baridi na laini. Uzi wake mweupe ulitambaa shavuni taratibu, ukaingia katika tundu la pua yake ya kuzaliwa nayo, naye akapiga chafya. Hakuna asiyepiga. Hata padre akivaa Pua hupiga chafya, na waumini humwambia afya.

Akaanzia kwenye kichuguu kilichokuwa karibu, maana fundi hupima kizima kabla ya kibovu. Uyoga wa kichuguu ulikuwa umechomoza pembeni, kofia zake za rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai kidogo, kila moja na kichwa kilichochongoka katikati. Alipoinama tu, jiko likamjia. Halikuwa jiko lake. Lilikuwa jiko la miaka hamsini nyuma: moshi wa kuni mbichi, karanga zilizotwangwa, chumvi ya mkaa, sufuria iliyopinda mpini, na mkono wa mama ukimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. Tumbo likamtulia kama la mtu aliyekwisha kula. Hivyo ndivyo Pua ilivyosema ndiyo. Haikuwa na maneno. Ilikupa tu moyo wa mtu aliyewahi kuula uyoga ule na kuwalisha wanawe, akaamka kesho yake mzima.

Mtu huyo alikuwa Bi. Otilia, mama yake Skolastika. Tangu msitu ulipopandwa upya baada ya miaka ya ukame, vijiji vyote vya bonde lile vilikula uyoga kwa moyo wa Otilia. Wanaume wazima wenye ndevu zao walisimama porini machozi yakiwalenga, wakilikumbuka jiko ambalo hawakuwahi kulikanyaga.

"Hapo ndiyo," Roza alisema kwa mbali. "Hapo hata mimi nilijisikia hivyohivyo. Sasa nenda kule."

Skolastika akaenda kule.

Chini ya mtundu ulisimama uyoga mweupe. Ulikuwa mweupe pe, umenyooka, na kisketi chembamba kimening'inia shingoni mwake. Uzuri wa mkakasi. Skolastika akapiga magoti, akasubiri hofu. Badala ya hofu ikamjia hamu.

Ilimjaa kifuani mpaka pumzi ikamwia nzito. Harufu ya shingo ya mtoto, jasho na maziwa ya mbuzi. Kicheko kinachokatikakatika. Uzito wa mtoto aliyelala mgongoni. Na ndani ya yote hayo kiu ya kuwa karibu, ya kushika, ya kutia ndani na kutotoa tena. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kofia ya uyoga kabla hajajua kwamba umeondoka pajani. Na hapo akakumbuka kitu chake mwenyewe, si cha Pua. Akajiona mdogo, ameshika pindo la kanga ya mama yake katika Msitu wa Makaburi, na mama amechuchumaa mbele ya uyoga kama huu, anaunyunyizia unga na kuuambia kwa sauti ya chini: *Umekua, mwanangu.*

Akaing'oa Pua sikioni. Hamu ikakatika palepale, ukabaki uyoga tu.

"Uliuchuma vipi?" akauliza, bila kugeuka.

"Kama watu wote. Niling'oa. Siku hizi nani anachimba, dada?"

Skolastika akachomoa kijiti kilichochongwa, akafukua taratibu kulizunguka shina. Mama yake alikuwa na msemo enzi hizo: mtazame miguu kabla ya uso. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka chini kwenye nyumba ya mchwa, ukiufuata utachoka wewe. Huu haukuwa na mzizi. Mguu wake ulikuwa umevimba kama kitunguu, tena umekaa ndani ya kifuko cheupe kilichochanika, mithili ya yai lililototolewa. Ukiung'oa, kifuko hubaki ardhini na ushahidi wote hubaki nacho. Akageuza kofia. Chini yake vikunjo vilikuwa vyeupe kama karatasi, na hata vingekomaa vingebaki vyeupe, ilhali vya kichuguu huiva vikawa na wekundu wa mbali kama ukucha wa mtoto.

"Mama yangu aliuita mlaji," alisema. "Hauliwi. Wenyewe ndio unaokula."

Roza akaketi chini pale alipokuwa, palepale kwenye majani machafu. "Nilipouona nilitaka kulia," akasema. "Nikadhani ni njaa. Nikasema uyoga unaonifanya nijisikie hivi lazima ni mtamu kupita yote. Ulikuwa kidogo, dada. Haukutosha watu wawili. Nikamwachia yeye."

Skolastika akaenda akaketi naye kwenye majani yale.

*

Nyumba ya Chungu hapo zamani ilikuwa ghala la tumbaku, na siku za joto kuta zake bado zilinuka tumbaku. Chungu chenyewe kilijaza nusu ya nyumba, cha udongo wa kufinyangwa, kikubwa kama ng'ombe aliyelala, kimejaa maji ya mvua na uji wa ulezi. Humo ndimo nyuzi zilimoishi. Kila jioni watu walirudisha Pua zao, wakazitundika kwenye ukingo, nazo zikashusha nyuzi kunywa. Kilichonuswa na mmoja leo, zote zilikijua kesho.

Mlezi wa Chungu, Mzee Bonaventura Haule, alimsikiliza Skolastika mpaka mwisho huku akikoroga uji kwa mwiko mrefu. Kisha akaweka mwiko chini.

"Kwa hiyo ni Longino," akasema.

"Ni Longino."

"Miaka yote hii yumo humu ndani na mimi nampikia uji." Akacheka, kicheko kisicho na furaha. Bonaventura na Longino, kaka yake Skolastika, walichunga mbuzi pamoja utotoni. Siku ile Longino alipookota uyoga mweupe machungani akauchoma kwenye makaa, Bonaventura alikuwa amekwenda kunywesha mbuzi. Mtoto alitapika usiku kucha. Kesho yake akapata nafuu, akacheka, akaomba miwa, watu wakamshukuru Mungu. Hiyo ndiyo nafuu ya uongo ambayo mlaji humpa mtu wakati anamalizia ini lake. Skolastika alikuwa mchanga wa mgongoni wakati huo.

Mila ya pale ilikuwa hivi: nyumba iliyoliwa mtu na uyoga hupeleka unga kila mvua za kwanza mahali mlaji anapoota, ikamwambia, *Shiba. Usile tena kwetu.* Watu wengi walisema haraka na kuondoka. Otilia hakuweza. Mlaji alikuwa amemla mwanawe, basi kwake mwanawe alikuwa humo. Alimsalimia, akamsifu kwa kukua, akamsimulia habari za nyumbani. Miaka ilivyokwenda, woga ukamtoka wote mbele ya uyoga ule, likabaki pendo. Na msimu ule msitu ulipopandwa upya, alipotembea porini na uzi wa kwanza sikioni, uzi uwe mwanafunzi wake, haukujifunza majina wala rangi. Ulijifunza moyo wake.

"Hamu ya mtu na hamu ya chakula," Bonaventura alisema. "Nani angejua kwamba hizo nazo zinafanana."

"Mwanzoni haikudhuru," Skolastika akasema. "Mlaji aliota Makaburini tu, na Makaburini hakuna anayechuma. Haoti mpaka mizizi ya miombo izeeke. Sasa miti tuliyoipanda imezeeka."

"Basi ukate uzi huo leo."

Alisema kwa upole, lakini alisema. Skolastika alijua kazi yenyewe. Mshonaji huvaa Pua ambayo uzi wake haujatolewa Chunguni, akauita moyoni moyo anaoutafuta, na uzi unaoubeba hufura na kupata joto. Hapo huukata kwa kisu cha mwanzi, maana chuma huunguza. Ukishakatwa, umekatwa kwa wote. Hii si karatasi kwamba utanakili moja ukaificha kabatini. Pua iliyofichwa ikija kunywa hurudisha kila kitu, na isipokuja kunywa hukauka ikafa.

"Na mama?" akauliza.

Bonaventura akauokota tena mwiko wake. Kijiji kizima kilijua habari za Bi. Otilia. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwondolea jina la mumewe, njia ya kisimani, sala zote isipokuwa Salamu Maria, na mwishowe Skolastika mwenyewe, ambaye sasa alimkaribisha kwa adabu kila asubuhi kama mhudumu aliyetumwa na parokia. Kitu kimoja kilibaki. Kila alfajiri alivaa Pua, wala yeye hakuhitaji harufu yoyote, kwa kuwa nyuzi zilikuwa moyo wake mwenyewe ukimrudia. Akaketi mlangoni na Longino wake mpaka jioni, anatabasamu.

"Mzee, ukikata uzi huo humwachii kitu. Utakuwa umemfiwisha mara ya pili, na safari hii hata hatajua amefiwa na nani."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikatai," Bonaventura akasema. "Lakini Gervas naye alikuwa na mama."

Neno hilo likamchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nje mvua ilianza kugonga mabati. Mvua ile ile ingeutoa uyoga porini, na uyoga ungewatoa watu majumbani, hata ukipiga mbiu ya kukataza mpaka sauti ikauke.

"Nipe mpaka kesho jioni," Skolastika akasema. "Sitaki kumwibia. Nataka kwanza amuage."

*

"Karibu, dada," Bi. Otilia akasema. "Umelowa. Parokiani hawana miavuli?"

"Wanayo, mama. Nimeisahau."

"Kusahau kubaya." Akamsogezea kigoda. Pua ilikuwa sikioni mwake, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. "Mwanangu amelala mgongoni hapa. Usipige kelele."

Skolastika akatazama mgongo mtupu wa mama yake, akashusha sauti. Alitamani kupiga magoti amweleze yote: kwamba kuna mtu amekufa, kwamba Longino ndiye sababu bila kosa lake. Lakini ungemweleza vipi mama huyu bila kumwambia pia kwamba mgongoni hakuna mtu? Kila mara watu walipomwambia kwamba Longino alikwisha kufa alilia upya, kama aliyepata habari kwa mara ya kwanza, kisha akasahau, na wao wakabaki wanajuta.

"Mama, mvua za kwanza zimekuja," akasema badala yake. "Twende tupeleke unga?"

Otilia akanyanyuka bila kuuliza ni unga gani. Akachota kiganja kimoja kutoka kwenye mtungi wa unga, akaufunga kwenye ncha ya kanga, akatangulia mlangoni. Mwanamke ambaye hakujua tena njia ya choo aliongoza mbele katika Msitu wa Makaburi, akakata kushoto kwenye mninga ulioanguka, akaruka kijito mahali pembamba pale pale alipokuwa akiruka kila mwaka. Skolastika alimfuata akihema. Naye alikuwa amevaa Pua yake, maana kesho angelazimika kuujua uzi ule wote, urefu wake na vitawi vyake.

Walaji walikuwa wametoka, weupe, wanane au tisa, kando ya tuta dogo ambalo watu wageni wasingelijua kuwa ni kaburi. Otilia akachuchumaa. Akafungua ncha ya kanga, akanyunyiza.

"Umekua, mwanangu," akasema. "Umekuwa mrefu kuliko wenzako."

Hamu ikampiga Skolastika kutoka pande mbili, ya Pua na ya mama aliyekuwa ubavuni pake hai, na ya tatu ilikuwa yake. Hakuwahi kumjua kaka yake. Kila alichokuwa nacho cha Longino kilikuwa ndani ya uzi ule, kicheko, jasho, maziwa ya mbuzi, na kesho angekikata kwa mkono wake. Akapiga magoti. Akanyoosha mkono aishike ile kofia nyeupe mara moja tu, kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto anapomuaga.

Kofi likamshukia mkononi kwa nguvu ambayo hakudhani bado imo katika mwili ule.

"Longino!"

Otilia alikuwa amesimama juu yake, macho yamemtoka. Hakukuwa tena na tabasamu wala upole. Alimkamata kiganja, akakisugua kwa majani, akasugua tena kwa udongo mpaka kikauma. "Nimekukataza mara ngapi? Mara ngapi? Umekula? Fungua mdomo!" Na kabla Skolastika hajajibu, vidole vya mama vikaingia mdomoni mwake, vikafagia juu na chini, vikatafuta nyuma ya meno, vikatoka. Mama akavitazama. Vilikuwa vitupu.

Hapo Skolastika angeweza kusema, *Mama, ni mimi, Sko.* Kusema kweli ndiko alikolelewa nako, na nani alimlea kama si huyu? Lakini kweli hiyo ingemfikisha mama wapi, isipokuwa kaburini, hatua mbili kutoka hapo?

"Sijala, mama," akasema.

Otilia akamvuta kifuani. Alinuka moshi na sabuni ya mche. "Nimekuwahi," alisema, akilia na kucheka. "Nimekuwahi, mwanangu. Mungu wangu, nimekuwahi."

*

Kesho yake jioni Bonaventura ndiye aliyegundua wa kwanza. Alikuwa amevaa Pua ya kujaribia, akasogeza pua kwenye mlaji aliyewekwa ndani ya bakuli la udongo, akaruka nyuma huku akikung'uta mkono.

"Mama Otilia huyu!" akapiga kelele. "Kofi lake lilelile! Alinizaba hivihivi nilipomwaga mboga yake." Kisha akaivua Pua, kwa kuwa nyuma ya kofi kulikuwa na ile hofu, hofu ya mama nzima nzima, na mtu hawezi kuitania.

Nyuzi zilikuwa zimelishika lile tukio la Makaburini. Pua zote mbili, ya mama na ya binti, zilikuwa zimekunywa usiku, na sasa Chungu kizima kilijua woga ambao Otilia alikuwa ameupoteza kwa miaka hamsini. Tatizo ni kwamba pendo la zamani nalo bado lilikuwapo. Skolastika alipima mara kadhaa. Mlaji alimvuta kwanza, kisha akamzaba. Mtu aliyeshiba angerudi nyuma. Mwenye njaa angeng'ang'ania.

"Uzi wa zamani lazima utoke," Bonaventura akasema. Sasa hakuwa na haraka. "Lakini angalau amepata mwingine badala yake."

"Unajua amepata nini?" Skolastika akamuuliza. "Alikuwa na Longino aliyelala mgongoni. Nikikata, hatakuwa naye mgongoni. Atakuwa na ile siku moja tu aliyomwahi. Basi mwanawe ni mzima, Mzee. Mzima, na hayuko nyumbani. Atamngoja. Kila jioni atamngoja, na mimi nitamjibu nini?"

Bonaventura akasogeza kisu cha mwanzi mbele yake.  

Lisilo budi hutendwa. Skolastika akapachika Pua ambayo uzi wake ulikuwa bado Chunguni, akachukua kisu cha mwanzi kwa mkono wa kulia, akatia wa kushoto kwenye uji wa vuguvugu. Akamwita Longino. Hakuhitaji kumwita mara mbili. Kilikuja kicheko kinachokatikakatika, na kati ya nyuzi elfu, mmoja ukafura kama mshipa, wenye joto, ukikimbia mpaka katikati ya Chungu. Akaufuata kwa vidole. Jasho. Maziwa ya mbuzi. Jino lililong'oka likafichwa chini ya jiwe la kinu. Mwisho kabisa, kwenye shina, ulikuwa ule uzito mgongoni, mtoto amelala fofofo, hajui lolote, mate yake yanalowesha bega la mama.

Akakaa na uzito huo kidogo, kidogo tu, kisha akakata.

Hakukuwa na sauti. Uzi ulipoa mkononi mwake kama uzi wowote. Akasema "Longino" kwa kujaribu, likawa jina la mtu fulani aliyefariki zamani. Akaegemea Chungu akalia, na hakujua sawasawa anamlilia nani, na hilo ndilo lililomliza zaidi.

Bonaventura akaja akaketi sakafuni karibu yake, magoti yakilia. "Alikuwa na pengo hapa," akasema baada ya muda, akigusa meno yake ya mbele. "Mwongo kupindukia. Mwizi wa miwa. Siku moja alimwambia baba yangu kwamba mbuzi wetu amebatizwa, ndiyo maana hachinjwi." Akamtazama kama Skolastika anacheka. "Nitakusimulia yote. Hayatakuwa na harufu, lakini nitakusimulia."

*

Msimu ule watu wa bonde walizabwa sana. Ilikuwa mtu yuko porini anajichumia zake, mara anaruka na kuukung'uta mkono, na wenzake wanacheka: amekutana na Mama Otilia. Wengine walianza tena kuchimba badala ya kung'oa. Roza Mapunda ndiye aliyewafundisha. Alikwenda na vikundi vya akina mama, na kijiti kilichochongwa mkononi, na kila aliyeinama kwa haraka alimshika bega. Mtazame miguu kwanza, aliwaambia. Uso umewaua wengi. Alisema hivyo bila kulia, lakini kitambaa cha msiba alikuwa hajakivua.

Mvua zilipokaribia kwisha, Skolastika alikwenda Makaburini peke yake. Alikata kushoto kwenye mninga ulioanguka, akaruka kijito. Walaji walikuwa wamezeeka, kofia zao zimetandaa. Alipoinama, kofi likamshukia mkononi, na ile sauti ndani yake ikalia *Fungua mdomo!*, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaivua Pua, akaitia kibuyuni, akafungua ncha ya kanga. Unga ulipaswa kupelekwa na nyumba iliyoliwa mtu, na katika nyumba yao aliyejua kwamba ameliwa mtu alikuwa amebaki yeye.

"Shiba," akasema. "Usile tena kwetu." Akataka kuongeza neno kwa kaka yake, akakumbuka habari ya mbuzi aliyebatizwa, akamsimulia hiyo.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa mlangoni, amesimama, mkono umekinga jua, anatazama njia. Kwenye meko sufuria ilikuwa imefunikwa, na juu ya mfuniko kulikuwa na sahani moja ya ziada, kama jana, kama juzi.

"Karibu, dada," Bi. Otilia akasema. "Umetokea huko juu? Kuna mwanangu huko, na jua linazama. Longino amekula, huyo?"

Skolastika akatazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na weupe wa unga.

"Amekula, mama," akasema. "Ameshiba."